Mbwa wangu alivyonihama kwa ajili ya vikeki vya masuku: yaliyonikuta Ufipa enzi za ujamaa

Wakuu, habari za humu ndani.

Asubuhi nimepita jukwaani nikakuta vijana wanaicheka picha ya dada mmoja aliyemwokea mbwa wake keki ya ndizi. Komenti karibu zote zinasema kitu kimoja: huo ni uzungu, pesa zimemzidi, mbwa wa kwetu anakula ukoko wa ugali na anashukuru.

Na mimi nimecheka. Halafu nikaacha.

Maana mimi mzee wenu nimewaona mbwa wakiokewa vikeki vya matunda Ufipa, tena wakati ule sukari ya chai yenyewe tulikuwa tunaipangia foleni. Na vikeki hivyo vilininyang'anya mbwa.

Majina ya watu nimeyabadilisha kwa sababu wajukuu wao wapo, na huenda wengine wanasoma hapa. Yaliyobaki ni kama yalivyokuwa. Asiyetaka kuamini apite tu, uzi ni mrefu.

Kwanza mnijue.

Shule niliiachia darasa la tano. Sikuwa mjinga, nilikuwa siwezi kukaa. Lori likinguruma barabarani mimi nataka kujua linakwenda wapi. Nimepakia mpunga Mtowisa, nimepasua mbao, nimevuta mifuo ya kupulizia moto kwa mhunzi ili nijue tu chuma kinalainika vipi. Kila nilipofika nilikaa mpaka nimeelewa kitu kinafanyikaje. Nikishaelewa, naondoka.

Mbwa nilimpata huko huko Mtowisa, bondeni kwenye joto. Mtoto wa mbwa, mwekundu, sikio moja limepasuka. Alianza kunifuata kutoka kwenye mashine ya mpunga. Nikamtupia mawe. Akakaa chini pembeni, akasubiri nimalize kutupa, kisha akaendelea kunifuata.

Nikamwita Kupe.

Miaka ile sikuwa na mke, sikuwa na nyumba, sikuwa hata na baiskeli. Nilikuwa na Kupe. Nikilala analala mgongoni kwangu. Nikihama anahama, haulizi tunakwenda wapi. Hilo mlielewe vizuri, la sivyo mtaniona mwehu huko mbele.

Basi nikapanda naye juu, uwanda wa Ufipa. Baridi ya kule kwa mtu aliyetoka bondeni ni adhabu. Nikafika kwenye kijiji kipya cha ujamaa, si mbali sana na barabara ya Namanyere. Watu walikuwa wamehamishiwa pale kiangazi hicho hicho. Nyumba udongo bado mbichi, miti ya kivuli hakuna, njia zimenyooka kama zimepigwa rula.

Nikapata kazi ya kubeba na kulinda mizigo kwenye duka la kijiji. Karani wa duka alikuwa Mnyakyusa kutoka Mbeya, tumwite Ambakisye. Mtu wa utani sana. Akanipa kona ya stoo, mimi na Kupe tukalala juu ya magunia matupu.

Sasa kijiji kile kilikuwa na tatizo ambalo nilikuwa sijaliona popote.

Watu walihama, lakini mbwa walikataa kuhama.

Mnanielewa? Mtu amekuja na vyungu vyake, mbuzi wake, kuku wake, bibi yake. Mbwa naye amekuja. Ikifika jioni mbwa anageuka anarudi kwenye mahame, kule nyumba ilikobomolewa. Karibu kijiji kizima. Jioni ungewaona wanatoka mmoja mmoja, wanakwenda zao kama watu waliotoka kazini.

Na ulikuwa mwanzo wa mvua. Shamba la kijiji limepandwa mahindi juzi juzi, nguruwe pori wanaingia wanafukua mbegu mstari kwa mstari. Asubuhi watu wanakuta matuta yamepinduliwa. Mbegu zilikuwa za kugawiwa, hakuna za pili. Kamati ya kijiji ikatangaza kila mtu amfunge mbwa wake. Mbwa wakafungwa. Wakala kamba, wakaondoka.

Ukimtoa Kupe wangu, katika kijiji chote mbwa waliokuwa wanalala pale walikuwa watatu tu. Wote wa Mama Skola.

Mama Skola alikuwa mjane, umri wa mama yangu. Nasema mapema kwa sababu nawajua humu, mtauliza kama nilikuwa namtaka. Hapana. Binti yake Skola alikuwa ameolewa Mwimbi, yeye akabaki na mbwa zake. Katika usichana wake alipika jikoni kwa masista, huko ndiko alikojifunza kuoka.

Watu walidhani mbwa wanalilia nyumba za zamani. Mama Skola alikwenda mahame kuwafuata wake akawakuta chini ya misuku, wanaokota matunda yaliyoanguka. Wasiojua, masuku ni tunda la porini, ganda gumu la kahawia, ndani nyama laini ya njano, tamu. Msimu wake ndio huo wa mvua za kwanza. Kijiji kipya kilikuwa peupe, msuku hata mmoja hakuna.

Akarudi na kapu la masuku.

Nilikuja kuijua resipi yake yote, nawapa bure. Masuku yaliyoiva sana, unayamenya, unaikamua nyama, mbegu unatoa zote, maana humkwama mbwa kooni. Unachanganya na unga wa ulezi mpaka ushikane. Ukipata ndizi mbivu iliyopanda kutoka bondeni, unaiponda humo. Mafuta kidogo ya kupaka mkono. Sukari hapana, chumvi hapana. Unafinyanga vidogo, kama vitumbua vilivyokaliwa. Unapanga kwenye sufuria, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Vikishaiva unavianika juani mpaka viwe vikavu, mbwa atafune, asimeze tu.

Halafu, na hapa ndipo wengi wangekosea, hakuwapa ovyo ovyo. Jioni tu, wakati ule mbwa wanapoanza kugeuza vichwa kuelekea mahame. Na mlangoni kwake tu.

Kijiji kilimcheka. Balozi wa nyumba kumi akaenda kumsema mbele ya watu.

"Mama Skola, watoto hapa wanakula ugali kwa mlenda, wewe unaokea mbwa keki?"

"Balozi, mbwa wako jana kalala wapi?"

Balozi akatazama njia ya mahame.

"Wangu walilala hapa. Na kipande cha shamba kilicho nyuma ya nyumba yangu hakijafukuliwa. Nenda kaangalie, kisha urudi unisemee watoto."

Alikwenda kuangalia kweli. Hakurudi.

Mimi nilisimuliwa hayo na Ambakisye, nikacheka sana. Sikujua kicheko changu kina siku chache.

Siku moja jioni nafunga duka, namwita Kupe, hayupo. Akaja baadaye, anajilamba. Nikampa ugali na vichwa vya dagaa, chakula ambacho siku zote alikuwa anakipigania. Akanusa. Akanitazama kwa heshima, kama mgeni aliyekula alikotoka. Akaenda kulala.

Mdomo wake ulinukia masuku.

Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa akachelewa zaidi. Halafu ikafika asubuhi nikaamka mgongo wangu una baridi. Magunia yapo, Kupe hayupo.

Wakuu, nimewahi kuachwa na mwanamke, tena wawili. Hawakuniuma vile.

Nilianza kuwa na wivu wa kijinga. Nikipita kwa Mama Skola namwona Kupe kalala kizingitini, kidevu juu ya miguu ya mbele, ametulia namna ambayo kwangu hakuwahi kutulia. Nikimwita anageuza sikio. Sikio moja, lile zima. Mkia unagonga chini mara moja, mbili, basi. Nilimwonea wivu yule mama. Nikauonea wivu mlango wake. Nikawaonea wivu hata wale mbwa wenzake watatu, maana walikuwa wanamjua Kupe wa jioni, mimi nimebakiwa na Kupe wa mchana.

Ambakisye hakunisaidia.

"Ndugu yangu, umeachika. Pole. Talaka ulipewa ya maandishi au ya mdomo?"

"Yule mama amemroga mbwa wangu."

"Hajamroga, kamlisha. Wewe vichwa vya dagaa, mwenzio keki. Hata mimi ningehama."

Nikaenda mwenyewe kwa Mama Skola.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umefuata mbwa au umefuata keki?"

"Nimefuata mbwa wangu."

"Huyo hapo. Mimi sijamfunga."

Ndiyo maneno yaliyoniumiza. Angekuwa amemfunga ningegombana naye, ningekwenda kwenye kamati, ningekuwa na kesi. Mlango wazi, mbwa yupo, kamba hakuna. Unamshitaki nani?

Nikamnyanyua Kupe mikononi mzima mzima kama mbuzi nikaondoka naye. Akina mama waliokuwa kisimani walicheka mpaka mmoja akamwaga maji. Jioni Kupe akarudi kule.

Basi nikasema nitaoka na mimi. Nimejifunza mbao, nimejifunza chuma, vikeki vinishinde?

Nikaenda porini nikaokota masuku. Sufuria nikaazima dukani. Unga wa ulezi sikuwa nao, nikaomba kwa mama mmoja jirani aliyekuwa anapika pombe ya kuuza. Akanichotea bakuli zima, mwekundu mzuri. Sikujua kuwa amenichotea kimea, yaani ule ulezi ulioloweshwa ukachipua, ukaanikwa na kusagwa kwa ajili ya pombe. Kwa macho ni unga ule ule. Nikachanganya na masuku, na kwa kuwa kazi ya dukani ilinibana, nikauacha mchanganyiko karibu na jiko mpaka kesho yake.

Nilipofunua ulikuwa umeumuka na unachemka wenyewe bila moto. Nikasema safi, masista lazima ndivyo wanavyofanya. Nikaoka.

Kupe akanusa, akapiga chafya, akarudi nyuma hatua mbili. Nikamshikia puani. Akageuza uso upande wa pili kama mtoto anayekataa dawa.

Lakini Ambakisye alichukua kimoja. Akatafuna. Akachukua cha pili.

"Ndugu, hivi ni vya mbwa kweli?"

Jioni ile wazee wa kilabu cha pombe walikuja dukani kuuliza kama vimebaki. Vilikwisha vyote. Kwa muda fulani nilikuwa na jina kijijini kwa kuoka, watu wazima wananisalimia kwa uchangamfu, na mbwa niliyemwokea hakuonja hata punje. Sifa zile zilinizidishia uchungu. Mama Skola aliposikia alicheka hadi akajifuta macho kwa kanga, kisha akanitumia bakuli la ulezi wa kawaida. Sikulipokea. Kiburi tu.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo jambo lilipokuwa zito.

Nguruwe walizidi. Kijiji kikaamua kutoka kuwinda mchana, wanaume na mikuki, na mbwa wote watakaopatikana. Mkuu wa mawindo alikuwa Mzee Desderi, mzee mkavu, haongei mara mbili. Kule bondeni Kupe alikuwa amezoea kupambana na nguruwe wa kwenye mpunga, kwa hiyo nilijua atafanya kitu. Nikatoka kifua mbele.

Na kweli alifanya. Dume kubwa lilitoka kwenye matete, mbwa wengine wakabweka kwa mbali, Kupe akaingia moja kwa moja akalikamata sikio, hakuachia mpaka mikuki ikafika. Watu wakashangilia. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikasema leo kila mtu ataona huyu ni mbwa wa nani.

Wakati wa kugawa nyama pale kulikuwa na desturi: mbwa aliyekamata wa kwanza, mwenye mbwa anapewa shingo. Ni heshima kubwa kuliko nyama yenyewe. Ukipita nayo kijijini watu wanajua.

Mzee Desderi akasimama na kisu. "Mbwa mwekundu. Wa nani?"

"Wangu, mzee."

Hakunitazama. Akauliza watu wote, "Jana kalala wapi?"

Nikadhani sikusikia vizuri. Ambakisye akaninong'oneza kwamba ndivyo wanavyouliza. Hawaulizi nani alimlea wala nani alimnunua, kwa sababu mbwa huzaliwa hapa akakulia pale, kesi haziishi. Wanauliza alikolala.

Mtu mmoja akasema, "Kwa Mama Skola."

Shingo ikafungwa kwenye majani, ikapelekwa kwa Mama Skola, mtu ambaye hata porini hakufika.

Nilirudi kijijini nyuma ya watu. Mbele ya wanaume wote wa kijiji nimeambiwa sina mbwa. Na Kupe, damu mdomoni, anatangulia mbele anawahi nyumbani. Nyumbani kule.

Mama Skola alinisubiri njiani.

"Shingo wamenipa, desturi yao siwezi kuikataa. Njoo tule wote."

"Nashukuru mama. Kesho naondoka. Nakwenda Wampembe, na mbwa nakwenda naye."

Akasema, "Mchukue. Mbwa ni wako."

Nilimsikia kama ananidhihaki. Asubuhi nikachukua kamba ya katani, mimi niliyekuwa nawacheka wanaofunga mbwa, nikamfunga Kupe shingoni. Hakubisha. Lori mpaka Namanyere, kisha miguu, tukateremka ukingo wa uwanda, mlima mtupu, mpaka ziwani.

Wampembe kuna joto na samaki. Nikasema huku ndiko. Nikapata kazi ya kuvuta nyavu. Nikampa Kupe migebuka, samaki wa ziwa lile, si vichwa, migebuka mizima. Akala. Siku zikapita, analala mgongoni kwangu kama zamani. Nikamfungua kamba. Nililala usingizi mzito wa mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi moja naamka, mgongo baridi.

Nikazunguka ufukweni namwita. Akina mama waliokuwa wanaanika dagaa wakaniangalia.

"Unamtafuta yule mwekundu? Kapita hapa alfajiri anapanda mlima."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Sasa kaka, tungemuuliza? Ila alikuwa na haraka, kama kachelewa mahali. Hakukuaga?"

Nikapanda ule ukingo kwa hasira. Kila kijiji nauliza, mmemwona mbwa mwekundu, sikio limepasuka? Wamemwona. Kapita. Hajasimama. Njia nzima nilikuwa na wivu unaonichoma kifuani kama nimemeza kaa la moto. Mimi nilimtoa kwenye pumba za mpunga. Mimi! Na anapanda mlima ule, mlima unaomtoa mtu pumzi, ili akale kikeki.

Nilifika kijijini jioni. Kupe kalala kizingitini, nyayo zimechubuka, anazilamba. Akaniona. Akanyanyuka, akaja mbio anachechemea, akanirukia kifuani, analia. Halafu akarudi kulala kizingitini.

Mama Skola alikuwa ameketi ndani mbele ya jiko. Pembeni yake sahani mbili zimefunikwa.

"Karibu. Nilijua mtakuja wote. Yeye ana miguu minne, ndiyo maana katangulia."

Nikakaa. Sikuwa na nguvu ya kugomba. Nikamuuliza kwa upole, "Mama, unampa nini mimi nisichompa? Niambie tu. Nimempa samaki mzima."

Akafikiri huku anapanga makaa juu ya mfuniko.

"Samaki ni mtamu kuliko ulezi, hilo mbwa anajua. Mimi nampa jioni ile ile, mlango ule ule. Wewe kila msimu unampa mlango mwingine."

Nilifunua sahani moja. Nilikula.

Wakuu, mimi ambaye sikuwahi kukaa mahali misimu miwili, nilikwenda kwenye kamati nikaomba kiwanja. Nikaomba kile kinachotazamana na cha Mama Skola. Watu walisema kijana ametulia, siasa ya ujamaa imemwingia. Ambakisye akasema nimepata mchumba. Ukweli ni wivu. Sikutaka mbwa wangu alale mahali nisipomwona.

Nikajenga, mlango ukitazama mlango wake. Nikajifunza kuoka vizuri, kwake mwenyewe, kwa ulezi ule nilioukataa mwanzo. Masuku yakiisha tunatumia mapera, mapera yakiisha ndizi. Jioni naweka vyangu mlangoni kwangu, yeye anaweka vyake. Kupe anakula kwangu, anavuka njia, anakula kwake. Akanenepa. Siku nyingine analala kwangu, siku nyingine kwake, na asubuhi tunaulizana kwa sauti kutoka mlango hadi mlango, "Yuko kwako?" kana kwamba hatuoni.

Majirani wakaanza kuoka pia, kimya kimya, hata balozi. Mbwa wakaacha kurudi mahame. Nguruwe hawakuisha, lakini shamba lilivunwa.

Kupe alizeeka pale. Macho yakaingia ukungu, meno yakapungua, tukawa tunamlowekea vikeki kwenye maji. Siku ya mwisho alikuwa kizingitini kwa Mama Skola, mchana, jua likimpiga. Mama Skola aliniita, nikavuka njia, nikamkuta Kupe keshatulia.

Nikachukua jembe nianze kuchimba nyuma ya nyumba yake. Nikajua ndivyo inavyotakiwa, pale ndipo alipolala.

Mama Skola akanizuia mkono. "Mchimbie kwako."

"Amefia kwako mama."

"Nimesema mchimbie kwako. Alikuwa wako."

Nilimbeba, nikavuka naye njia. Nikachimba chini ya mpera wangu. Mama Skola alisimama pembeni, analia, kanga imelowa yote, anaita jina lake kwa sauti kama anayemwita aje kula. Alilia kuliko mimi.

Nikamwonea wivu hata hapo.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ukiona kilicho chako kinakwenda kwa mwenzako kila jioni, usikimbilie kamba. Kaa utazame kinachofanyika kwenye ule mlango. Na ukishaona, jenga wa kwako karibu. Wivu wenyewe haukuisha, nawaambia ukweli, lakini ulinipa kiwanja, na baadaye mke, na watoto waliokulia hapo.

Yule dada wa keki ya ndizi mwacheni. Dada kama unasoma, punguza unga wa ngano, weka ulezi, na anika.

Haya, uwanja ni wenu. Kama kuna aliyewahi kuhamwa na mbwa, paka, hata kuku, aje aseme alifanyaje. Na watu wa Rukwa mliomo humu, mniambie kama misuku ya mahame bado imesimama au imeshakuwa mkaa.